Tikiti Kwenye Beseni

Mwenzangu, huyu mwalimu mkuu atanitia wazimu.

Somo la darasa la tatu lilikuwa limenoga. Tumetia msumari kwenye beseni la maji, ukazama. Tumetia tikiti zima, likaelea. Watoto hoi kwa kicheko.

Mkuu akaingia. Eti, "Kitu kizito huzama." Nikamwonyesha tikiti, linaelea mbele ya macho yake. Akasema, "Hilo litakuwa bovu."

Bovu, mwenzangu. Bovu.

Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KITU KIZITO HUZAMA. Akaamuru wote wanakili.

Yule binti wa fundi cherehani, mdomo wake unaujua, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tuandike la ubaoni au la kwenye beseni?"

Mkuu ananikodolea macho. Darasa zima linanisubiri.

Nikasema la ubaoni. Na tikiti bado linaelea.