Ndoo Katika Wimbo wa Nne

3 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na kazi ya kufua mashuka ya hospitali? Shemeji mgongo umetulia? Mimi namshukuru Mungu, napumua.

Ndani ya bahasha kuna sidii. Usicheke: bendi yetu ya Mabati imerekodi tena, baada ya miaka kumi na tisa! Roki ile ile. Mpiga besi ana wajukuu watatu, mpiga dramu anavaa miwani minene kama kitako cha chupa, lakini nyimbo sita zimepatikana.

Sasa wenzangu wanabishana. Mmoja anataka tupande jukwaani, mwingine anasema tutachekwa. Nimewaambia yuko mtu mmoja asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni wewe, uliyetupigia ndoo nyuma ya nyumba tulipokuwa hatuna dramu. Ulikuwa shabiki wetu kabla hatujapata shabiki. Sikiliza zote, hasa wimbo wa nne, uniambie ukweli. Tutaamua mwisho wa Mei kwa neno lako.

Mdogo wako,
Radi

21 Aprili

Mdogo wangu Radi,

Marahaba. Ni matumaini yangu u mzima wa afya kama nilivyo mimi. Shemeji yako anakusalimu.

Sidii nimeipata na nimeisikiliza yote. Hongera! Kweli ng'ombe hazeeki maini. Nyimbo zote nzuri, sioni hata moja ya kuacha. Huo wa nne ndio umenikosha kabisa: gitaa lako linanguruma kama zamani, nimejikuta nacheza jikoni. Pandeni jukwaani, msiwasikilize waoga. Samahani kwa ufupi, nina wageni mlangoni.

Dada yako

2 Mei

Dada, shikamoo.

Wenzangu waliniomba niwasomee barua yako. Nilipofika penye gitaa, wote wakatazama chini.

Wimbo wa nne hauna gitaa. Katika nyimbo nyingine kapiga binti wa mpiga besi. Mwaka jana nilipata kiharusi, na mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, haujaamka. Sikukuambia kwa sababu nilitaka utusikie kwa masikio, si kwa huruma. Siku hizi naimba tu. Wimbo wa nne ni sauti yangu na ndoo, basi.

Umeandika unatumaini mimi ni mzima wa afya. Sasa unajua.

Radi

14 Juni

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli. Unalala? Vifungo vya shati unavifungaje?

Wiki sita kalamu imenishinda. Uso wangu niuweke wapi? Nilikudanganya, mdogo wangu. Sidii ilikuwa kabatini chini ya mataulo, haijatoka hata kwenye karatasi yake. Niliwaogopa kina mama wa maombi, wanaokutana kwangu kila Alhamisi. Na upo uongo mkubwa kuliko huo. Miaka yote nimewaambia mdogo wangu ni fundi umeme. Nilijifariji: kwani gitaa lako si la umeme? Basi si uongo mzima. Mmoja ameshaniuliza mara mbili utakuja lini kumtengenezea taa ya sebuleni. Na mimi ndiye ninayewafundisha watoto amri za Mungu!

Barua yako ilipofika nilikaa na aibu hiyo mwezi mzima. Mwishowe nikaibeba sidii hadi kazini. Mchana mashine zikizimwa, chumba cha pasi huwa kimya, na mwenzangu ninayekunja naye mashuka ana redio yake ya sidii. Wimbo wa kwanza ulipoanza akaruka: "Mama Maombi, leo umepagawa?" Nikamwambia, "Kunja shuka."

Sasa ukweli ulioutaka. Wa kwanza ni kelele tu. Mnakimbizana na vijana na pumzi hamna, uacheni. Wa pili mtamu, ila mmeurefusha kama mahubiri ya mgeni. Wa tatu dramu inachelewa. Mwambie afute miwani. Mbili za mwisho sina neno, huyo binti ana mkono mzuri.

Wa nne. Ikaanza ndoo: mbili polepole, tatu za haraka, kisha kimya, kama nilivyokuwa nakusubiri utafute pa kuweka kidole. Nikajijua kabla hujafungua mdomo. Sauti yako imekwaruza, Radi. Neno la mwisho la kila mstari linakushinda, unaliacha lianguke. Ukamwimba msichana aliyeipiga ndoo hadi ikatoboka, mama akamchapa, na kesho yake akaja na sufuria. Nilidhani umesahau fimbo zile.

Msichana yule alichapwa na hakuwakana. Mimi mtu mzima, hakuna aliyeninyooshea hata kidole, nimewakana. Nililia, mwenzangu akanipa shuka safi nijifute, ikabidi lirudi kufuliwa.

Alhamisi nikawaambia kina mama yote, nikawawekea wimbo wenyewe. Yule wa taa akauliza, "Kwa hiyo taa yangu ndiyo basi?" Wakacheka. Wawili hawajarudi tena. Nimemwachia Mungu, nami nimemwomba anisamehe. Ila kukuomba wewe ndiko kumenichukua muda.

Mei imekwisha, sijui mmeamua nini. Kama mmeizika bendi, najua nani alishika koleo. Kama bado, pandeni na huo wa nne, nami nitakaa mbele kabisa, na kina mama waone.

Barua yako uliandika Radi tu, hukuandika mdogo wako. Nimeliona. Tafadhali nijibu upesi, hata mstari mmoja, uniambie mkono unaendeleaje.

Dada yako