Kisanduku Kilichosema Tungojee

Papa,

Mama hajambo. Naanza na hilo ili usishtuke, maana mimi mwenyewe bado nina hofu, na nisipokuambia wewe sijui nitamwambia nani.

Baada ya matanga, kaka Kambale alitutumia kutoka Kampala kisanduku kipya cha televisheni, kile cha intaneti. Alisema dekoda yako imezeeka. Kweli ilikuwa na kazi moja tu: ukiiwasha, habari hizi hapa. Hiki kipya kina sinema, kina mpira, hata ukikisemesha kinasikia. Mama alikisalimu kwanza, "Jambo sana," ndipo akakiomba habari za Goma. Kikamletea Mzungu anayepika keki. Tulicheka, Papa, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Halafu wiki iliyopita milio ya risasi ikasikika upande wa Katindo. Nilikuwa kazini Ndosho, na simu ya Mama haikupatikana. Nilipanda pikipiki hadi nyumbani Mabanga. Majirani walikuwa wanatoka na mafurushi. Jirani yetu Mama Furaha alikuwa amegonga mlango wetu mpaka akachoka. Mama alikuwa amejifungia ndani, ametulia kabisa mbele ya televisheni. Kisanduku kilikuwa kinajisasisha chenyewe, kimeandika kwa Kifaransa: *patientez*, ngojeeni. Yeye akadhani ni tangazo la mji mzima.

"Banasema tungojee," akaniambia, akakataa kuinuka.

Milio ilinyamaza, na mtaani hakikutokea kitu. Lakini je, kama kingetokea? Nimeirudisha dekoda yako. Kambale amenuna, anasema ningemfundisha tu Mama. Labda.

Ila Mama hakuwahi kutazama habari, hata ulipokuwepo. Alikuwa jikoni, akingoja uzitazame wewe kisha uite: "Mama Kambale, tunabaki," au "Mama Kambale, tunatoka." Hukumweleza zaidi, naye hakuuliza. Sasa jioni nikiwasha televisheni, Mama anaacha kazi jikoni, anasikiliza. Papa, ulikuwa unajuaje? Au nawe ulikuwa unabahatisha?

Pumzika, baba yangu. Nakuahidi kwamba Mama hatangojeshwa tena na kisanduku. Neno la kubaki au kutoka nitalisema mimi. Jana nilitazama habari mpaka mwisho, nikaita kwa sauti: "Mama, tunabaki." Nikamsikia anaanza kutwanga majani ya sombe. Nami nikabaki nimekaa, nikiomba niwe sijakosea.

Binti yako,
Kahindo