Mwanamke Aliyepokea Simu ya Griffins

Milka, nakuandikia gizani huku Jinja. Stima imepotea kwa Auntie Jacinta, nasikia tu kifuniko cha sufuria kikigongagonga jikoni. Usinicheke mpaka nimalize.

Si nimenunua laini ya Uganda. Nikampigia Griffins nimwambie mimi na Terry tumefika salama. Akapokea mwanamke. Mwanamke, Milka.

Nikamwambia, "Nipe mwenye simu." Akajibu polepole, "Mume wangu anaoga. Wewe nani?"

Mume wake. Anaoga. Na mimi nimemwacha nyumbani Kisumu leo asubuhi tu.

"Griffins amekuwa mume wako tangu lini?"

Akasema hapo hakuna Griffins, bwana wake anaitwa Wasswa. Nikajua basi, mpaka jina amebadilisha. Nikamwambia, "Mwambie huyo Wasswa wako kwamba Mama Terry anajua kila kitu."

Sasa yeye ndiye aliyeanza kulia. "Mama Terry ni nani?"

Auntie akaninyang'anya simu. "Nyathina, mwanangu, namba za huku pia zinaanza na sufuri saba. Usipoweka 254 ya Kenya mbele, unapata Mganda."

Milka, nilitaka ardhi inimeze. Ilibidi nimpigie tena yule mama. Wasswa ndiye aliyepokea, akaniomba mimi mwenyewe nimweleze mke wake. Nimeeleza, nimeomba msamaha, nimeeleza tena, mpaka akacheka.

Ndipo nikampigia Griffins, na 254 yake. Kabla sijafungua mdomo, Terry akaivuta simu:

"Baba, Mama ameongea na mke wako mwingine."