Kura ya Bingo Kanisani

Jumapili, Hayes, huku Uingereza

Basi, bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba wa kuchangia chakula cha wazee, ndiyo imekufa. Mchungaji alitaka tupige kura kwa mikono, na mimi nikanyoosha wangu kuikataa. Nilimhofia binti yangu Neema, asije akaonja kamari kama baba yake.

Lakini bingo ilipochezwa, mtangaza namba alikuwa Neema huyohuyo. "Sitini na sita! Bibi Rehema, usichungulie kadi ya mwenzio!" Kiswahili chake chote kilikuwa pale. Nyumbani ananijibu Kiingereza tu.

Kwenye basi nikamwambia, "Mwanangu, nilikuwa nakulinda."

"It's fine, Mum."

Sikulia. Tulipofika nyumbani niliosha vyombo, nikasimama mlangoni pa chumba chake, nikaita, "Sitini na sita!"

Akapunguza muziki. Nikasubiri.

Akauongeza tena.