Gauni Lisilohitaji Pini

Jumatatu. Mvua imeanza kabla jogoo hajawika na mpaka sasa haina dalili ya kukoma. Huku Mabwerebwere, Kilosa, uwanja wetu umegeuka bwawa la bata. Nguo nimezianua mbichi nikazitandaza juu ya viti, na kila nikipita sebuleni nashtuka. Gauni langu la kanisani limeketi pale kama mgeni.

Sina raha, shajara. Tangu Jumamosi sina raha.

Wanaonisoma humu mtandaoni siku zote wanajua naolewa na Elia, kijana wa Mamboya anayefundisha hapa mjini. Wanajua pia kwamba alifiwa na mke, Debora, kabla hatujafahamiana. Sikufichwa. Alinieleza siku ya kwanza tulipokaa kunywa chai, nami kwa mdomo wangu nikamwambia siogopi marehemu. Hodari wa maneno mimi!

Kanisani ndoa yetu imeshatangazwa mara mbili. Jumapili ijayo ni ya tatu, ya mwisho.

Kwenda Mikumi kwenye maonesho ya harusi lilikuwa wazo langu. Elia alisema harusi yetu ni ndogo, ya nini kwenda kukodolea macho mapambo ya watu? Nikanuna. Nikinuna huwa anakubali, na mimi najua, ndiyo maana nanuna.

Ukumbi wenyewe uko karibu na barabara kuu, malori yanapiga honi mpaka emsii anakatisha maneno. Nilionja keki za watu mpaka nikaona aibu. Elia alikaa kwenye kiti kimoja tu, kando ya changu, mpole, anatabasamu nikimwonesha kitu.

Ndipo mwenye magauni ya kukodi, Mama Glory, akanishika mkono. Alitaka wachumba wa kweli wapite jukwaani. "Njoo ujaribu, mwanangu, usione haya." Nikamwachia Elia pochi yangu, nikamwambia nakuja sasa hivi. Sikusema naenda wapi. Nilitaka nimshtukize.

Nyuma ya pazia kila msichana alikuwa anabanwa pini mgongoni, huyu limempwaya, yule linaburuta. Mimi nikavaa la kwangu. Mama Glory akanizunguka na kikopo chake cha pini, akanizunguka tena, kisha akakiweka chini. "Haa! Hili lilikuwa linakungoja wewe."

Nilifurahi jamani. Nilijitazama kwenye kioo nikajipenda mpaka machozi yakanilenga.

Nikatoka. Vigelegele! Emsii akapaza sauti, "Bwana harusi wa huyu yuko wapi? Asimame aje amchukue mke wake!" Nikamtazama Elia. Aliinua macho, akaniona, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua. Kisha akageukia pembeni, akainamisha kichwa.

Hakusimama.

Emsii akarudia. Watu wakaanza kucheka, mmoja akapiga kelele kwamba bwana harusi kakimbia. Mwisho kijana wa muziki akanionea huruma, akanipa mkono wake, tukatembea juu ya zulia mimi na yeye. Nilitabasamu. Sijui meno yale niliyatoa wapi.

Kurudi Kilosa tulipanda gari la abiria, Noah. Hasira zilinijaa mpaka shingoni. Yeye pochi yangu kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, hata hakumbuki kunirudishia. Tulipofika kwetu nilimpokonya, nikaingia ndani bila kumuaga. Nilikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba hanitaki, na ukumbi mzima umeshuhudia.

Jana baada ya ibada nilimvuta nyuma ya kanisa. Nikamwambia, "Elia, kama hunitaki sema sasa hivi. Imebaki Jumapili moja."

Akaniambia lile gauni alilivaa Debora.

Alilijua kwa bega la kushoto. Siku ya harusi yao lesi ilinasa kwenye mlango wa gari ikachanika, na mama yake Debora akaishona palepale kwa uzi wa rangi ya maziwa, kwa sababu mweupe haukupatikana. Uzi ule mimi niliuona, shajara. Niliupapasa kwa kidole nyuma ya pazia nikadhani ni urembo. 

Ajabu iko wapi lakini? Sisi mabibi harusi wa huku tunavaa magauni yaleyale, yanazunguka Mikumi na Kilosa, nani anauliza lilivaliwa na nani? Ninyi mliovishwa pete, mkiwaza kwenda kwenye maonesho haya, acheni kwanza habari za keki. Kaeni mwulizane kuna kitu gani mwenzako hawezi kukiona tena. Na usimwache kitini bila kumwambia unakwenda wapi.

Uzi nimeshauzoea. Kinachonisumbua ni zile pini. Kiuno, kifua, urefu, vyote sawasawa. Kulikuwa na mwanamke mwenye kipimo changu, Elia akampenda, akamzika, halafu akaniona mimi. Aliniona mimi kweli? Leo wakati naoga nilitazama mabega yangu nikajiuliza ni ya nani. Naogopa. Basi, nimesema.

Asubuhi Mama Glory alituma ujumbe. Aniwekee gauni? Maana kuna binti mwingine analitaka. Sikumjibu.

Mchana nikampigia Elia. Nikamuuliza jambo moja tu: pale ukumbini ulipoinua macho, ulimwona nani?

 Nilisikia mvua kwenye bati la shuleni kwao.

"Nilimwona Debora," akasema. "Nikageuka nikutafute wewe, Upendo, unishike. Kiti chako kitupu. Nimebaki na pochi yako tu. Nikasema moyoni, na huyu naye kaondoka. Miguu ikanikatalia."

Kumbe hakuinamisha kichwa kwa aibu. Alikuwa anatazama kiti changu. Na ile pochi niliyompokonya kwa hasira pale mlangoni, ndiyo iliyokuwa imebaki ya kwangu mikononi mwake.

Nimelia, mama akadhani kuna msiba.

Nimeshamwandikia Mama Glory ampe huyo mwingine. Nikabaki nimeshika simu, namuwaza binti nisiyemjua, na nikajikuta namwombea limpwaye, wambane pini mgongo mzima.

Mabega bado sijui ni ya nani. Labda nitajua baadaye, labda sitajua. Jumapili mchungaji atasoma majina yetu na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, halafu atanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza siku zote. Najijua, nitageuka nitazame mlangoni, kana kwamba Debora anaingia. Elia naye atageuka.

Nitakaa ubavuni kwake kabisa, nimshike mkono. Akirudisha macho akute kiti kina mtu.