Nusu Ukurasa Mtupu

Otahuhu, Auckland
6 Mei 1979

Mpendwa dada Fuatino,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole, ambavyo asubuhi havikunjiki mpaka nivipashe kwenye kikombe cha chai. Nyie hamjambo? Kikohozi cha Mama kimepoa? Papa bado anagombania ule mpaka na jirani?

Redio wamesema nini? Siwezi kutulia, dada. Hapa kiwandani kondoo wanapita wamening'inia kwenye ndoana kutwa nzima, nami nawatoa figo. Mikono iko kazini, kichwa kiko Apia. Nawaona waamuzi wa mashindano ya redio wameshika mchezo wetu wa kuigiza. Wanafika pale Sefo anapomtuma mshenga akamposee, na mshenga anakula majimbi yote njiani, anabisha hodi kwa binti mdomo umejaa. Nacheka peke yangu. Jamaa ninayesimama naye aliniuliza kama figo zinanitekenya.

Msimamizi ameanza kuuliza nani atabaki mwaka mwingine. Nimemwambia bado nafikiri. Redio walisema washindi watakaa Apia waandike vipindi vyote, sivyo? Basi tukishinda narudi nyumbani. Tukikosa, ni figo tena. Sina la kupamba hapo.

Halafu kule mwishoni, Sefo na binti wanapoachwa peke yao, ile nusu ukurasa niliyokuachia. Usiniambie uliandika nini. Niambie tu kama pametulia.

Ni mimi kaka yako,
Aukuso


Safotu, Savai'i
21 Mei 1979

Kaka yangu Aukuso,

Barua yako imetukuta salama. Mama amepona, sasa anakohoa tu akitaka Papa anyamaze. Mpaka bado uko palepale, na Papa bado yuko palepale akiulinda. Vidole vyako vipake mafuta ya nazi, usione haya mbele ya Wazungu.

Redio kimya. Kila basi likitoka bandarini naacha mashine ya kuchapa, natoka ofisi ya shule nasimama barabarani. Dereva siku hizi ananijibu kabla hajafunga breki: "Hakuna, Fuatino. Rudi kazini."

Sasa hiyo nusu ukurasa. Kaka, mimi sikuandika kitu. Karatasi yako ilisema "hapa maneno ya mapenzi," basi. Nikajua kaka yangu ana haya, hawezi kunipa maneno kama hayo niyapige chapa. Nikaamini utaupeleka ukurasa huo redio mwenyewe, kwa posta, bila kupitia kwangu. Nikachapa "Sefo anasogea karibu," nikaacha nafasi, halafu chini nikachapa "Wazazi wanaingia na mikeka ya harusi." Ndivyo ulivyokwenda.

Niambie uliutuma.

Dada yako,
Fuatino


Otahuhu
3 Juni 1979

Fuatino,

Sikuutuma. Nimesahau salamu, hamjambo wote?

Mimi nilijua utauandika wewe. Ningekuandikiaje mambo hayo, dada? Hata kuyafikiria na jina lako liko juu ya bahasha nilishindwa.

Nilifanya kosa la kuwasimulia wenzangu mezani. Mzee Tuiloma, wa kijiji chetu, ninayelala naye chumba kimoja, aliweka kijiko chini. Akaniuliza taratibu, kama mchungaji anayeuliza dhambi. Wewe na dada yako, kwenye sinema watu wakianza kubusiana, mnafanyaje? Nikamwambia natoka nje, nasingizia haja ndogo. Na yeye? Nikasema anatafuta kitu chini ya benchi.

"Na watu hao ndio mmekaa mkaandika mapenzi," akasema. "Kila mmoja kamsukumia mwenzake. Basi huyo Sefo kaoa bila kutamka neno. Afadhali mshenga, kasema ingawa kashiba."

Walicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha wakajitolea kuujaza ukurasa. Walichoandika nimekitia kwenye jiko la makaa, hata wewe ungenishukuru.

Nenda redio, dada. Waombe tupeleke ukurasa mwingine, tutamtafuta mtu baki auandike. Msimamizi anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Kaka yako,
Aukuso


Safotu
17 Juni 1979

Kaka Aukuso,

Natumaini baridi haijakuzidi. Sisi wazima, mvua tu.

Nimevuka na meli mpaka Apia, nimetapika njia nzima, nimefika redio. Binti wa mapokezi anasema kilichoingia kimeingia, hakiongezwi. Matokeo bado. Nilipotaja jina la mchezo wetu alifunika mdomo kwa mkono. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Papa anauliza kama utabaki huko. Nimesema sijui. Usinitake shauri, kaka. Nikikwambia usisaini halafu tukakosa, nitauona uso wako kila siku chakula kikiwekwa mkekani. Nikikwambia saini, nitakuwa nimekufunga huko mimi mwenyewe. Kila nikikaa nasimama. Mama ananiuliza kama nimekalia siafu.

Dada yako,
Fuatino


Safotu
27 Juni 1979

Kaka, kaka,

Salamu utazipata ukija. Tumeingia fainali!

Mmoja wa waamuzi alinieleza. Walikuwa wanasoma kwa sauti, wakafika "Sefo anasogea karibu," wakakuta patupu. Wakageuza ukurasa, wakaugeuza tena. Kimya. Kisha mama mmoja mtu mzima akauliza, "Hawa walioandika, si ni kaka na dada?" Hapo chumba kizima kikalala chini kwa kicheko. Wanasema tangu siku hiyo mtu akinyamaza kidogo tu ofisini, mwenzake anamwambia "Sefo anasogea karibu."

Tutausoma mbele ya watu, ukumbini Apia, Jumamosi ya tarehe 14 Julai. Kila mwandishi na kiti chake jukwaani. Usisaini. Njoo.

Fuatino, dada yako


Otahuhu
29 Juni 1979

Dada mpendwa,

Sina habari ndefu. Leo msimamizi alifika mbele yangu, akasimama. Nilingoja posta mpaka saa ya chai, haikuleta kitu. Nimesaini mwaka mwingine. Mwambie Papa.

Msalimie Mama.

Kaka yako,
Aukuso


Otahuhu
6 Julai 1979

Dada Fuatino,

Barua yako imefika. Nimeisoma nimesimama mlangoni na aproni yangu ya damu. Tuiloma aliisoma baada yangu, akaikunja vizuri akanirudishia.

Nimekwenda kwa msimamizi. Alinisikiliza vizuri. Anasema naweza kuondoka, lakini mtu wa Safotu akivunja saini hatachukua mwingine wa Safotu. Mdogo wake Tuiloma anangoja zamu, na nyumba ya kijiji ya kusukia mikeka bado inangoja fedha za huku iezekwe. Siwezi, dada.

Kwa hiyo fanya hivi. Bwana wa redio asome maneno yangu, ila asome amesimama. Kiti changu kiweke karibu na chako, kiache kitupu. Wasijaribu kukijaza kwa kunionea huruma. Umeona mwenyewe, tunachekesha zaidi penye patupu.

Kaka yako,
Aukuso


Safotu
22 Julai 1979

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima kabisa. Keti kwanza.

Nilikiweka kiti kama ulivyosema. Watu walicheka toka mshenga alipotafuna jimbi la kwanza. Tukafika "Sefo anasogea karibu." Tukanyamaza, mimi natazama paa, ukumbi mzima unatazama kiti chako. Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama. Meli ilichelewa, kikapu kichwani, hajui lolote. Akatafuta pa kukaa, hakuna. Akaona kiti kimoja mbele. Akaja moja kwa moja, akapanda jukwaani, akakaa, akaweka kikapu magotini na kukohoa.

Kaka, watu walianguka.

Redio wametuchukua. Wanasema watakungoja mpaka saini yako iishe. Kwa sasa uandike upande wako huko, mimi wangu huku, tuunganishe kwa posta. Wametupa sharti moja: penye mapenzi, tuache patupu.

Basi andika, kaka. Na ukija, kiti chako kipo, ila itabidi umwombe Mama. Mpaka leo ananiuliza walikuwa wanacheka nini.

Ni mimi dada yako,
Fuatino