Nimekuwa Mtu wa Ukoo wa Mbogo, na Sasa Mtoto Anangoja Jina

Shangazi yetu wa gazetini,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana jambo hili nikisimama nalo linanipeleka. Mimi ni mtu mzima, nimesoma mpaka darasa la sita, lakini la sita la enzi zetu, na kwa kusema hapa Masaka hakuna asiyenijua, kwenye posa moja kule Kyotera nilisema mpaka mvua iliyokwisha kuanza ikarudi juu isikilize, waulize watu. Kwa sababu ya mdomo huo kijana mmoja fundi redio, Desideri, alinifuata mwaka jana akaniambia, "Mzee, nakwenda kujitambulisha ukweni na sina baba wala baba mdogo, mama aliniambia tu kwamba sisi ni ukoo wa Mbogo, kisha akafa. Nisimamie."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni wa Senene, mbogo nitamtoa wapi?"

"Kwa siku moja tu, mzee. Nani atakuuliza?"

Basi nikakariri babu za watu, nikavaa kanzu na koti, nikawa Mzee Kayiira, baba yake mdogo Desideri. Na Shangazi, kwa kuogopa kuteleza, mimi huyu huyu nilinyamaza, nikasema maneno machache ya lazima nikakaa, na ukumbi mzima ukaniinamia kama vile nimesema makubwa, nikashangaa, maana nyumbani kwangu nikianza tu habari, mke wangu Teopista huwaambia watoto, "Gawanyeni kwa kumi."

Siku moja haikuisha. Bibi Nalwoga, nyanya yake bibi harusi, kila wakigombana shamba au ng'ombe anasema, "Aitwe Kayiira, yule haropoki," nami naitwa, naenda, nakaa, nasikiliza, nasema neno moja na ugomvi unakwisha, hiyo si chumvi. Novemba hii akaniletea sahani ya senene, wale panzi wa msimu, kwa mkono wake mwenyewe, wamekaangwa kwa kitunguu, na unajua mtu wa ukoo wetu hamgusi senene tangu kuzaliwa, nikasingizia jino, akasema, "Jino gani la kukataa senene? Au unadharau jiko langu?" na watu wote wananitazama, nikala. Walikuwa watamu, Shangazi. Hilo ndilo linaloniumiza.

Juzi tunamalizia matanga ya kaka yangu, tumbo moja, nikasimama mbele ya ukoo wangu kujitaja, mdomo ukafunguka wenyewe: "Mimi ni Kayiira, ukoo wangu ni Mbogo." Watu wakacheka wakidhani nimelewa. Dada yangu hakucheka. Akaniuliza polepole, "Kaka, unakwenda wapi?"

Na sasa Desideri amepata mtoto wa kiume na Jumapili wananingoja nimpe jina la ukoo, Bibi Nalwoga ameshasuka mkeka wa kunikalisha, na Desideri anasema nitamke lolote la Kimbogo. Naogopa kwenda, naogopa kutokwenda. Nikiwa peke yangu namwaza huyo Kayiira, anavyotembea, ambavyo angejibu hili na lile, na nakwambia kweli, nampenda kuliko ninavyojipenda. Nibaki naye au nimzike?

Mimi, Mwenye Babu Wengi, Masaka.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Babu Wengi, ile mvua yako nimeigawanya kwa kumi, yamebaki manyunyu. Hayo mengine yote nimeyaamini, na pole. Kusikilizwa kunalevya, hasa mtu aliyekaa miaka mingi akichekwa kwake.

Lakini wewe na Desideri mmefanya mchezo mahali pasipo na mchezo. Kanzu utaivua Jumapili jioni. Mtoto hatalivua jina. Siku atakapotaka kuoa ataulizwa babu zake, ataanza na wewe, na nyuma yako hakuna kitu. Atajuaje basi kama binti aliyempenda si dada yake wa ukoo? Wewe una babu zako, ukawaacha ukaenda kuazima wa watu. Yule mtoto usimwanzishe na wa kuazima.

Kwa hiyo, kabla ya Jumapili, wewe na Desideri nendeni kwa wazee wa ukoo wa Mbogo. Watajieni mama yake na kijiji alichomzalia. Kazi hiyo wanaiweza, wamekwisha kurudisha wengi waliopotea. Wakihitaji muda, mtoto angoje. Kichanga haoni haya kukaa bila jina, wenye haya ni nyinyi.

Kwa Bibi Nalwoga nenda mwenyewe, usimtume mtu. Akileta ile sahani, isukume taratibu umwambie, "Mama, hawa ni jamaa zangu." Kisha piga magoti utaje babu zako, wa kwako, mpaka wa mwisho unayemjua. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, na usithubutu kumsimulia mvua. Kisha nenda kwa dada yako. Alikuuliza swali zuri, naye bado anangoja jibu.

Ama Kayiira, humziki, kwa sababu hajawahi kuwapo. Aliyenyamaza ukumbini alikuwa nani? Masikio yaliyosikiliza ugomvi wa shamba yalikuwa ya nani? Jina tu ndilo uliloazima, lirudishe. Mtu yule ni wako, ila umekuwa ukimwacha ukweni kwa watu kila ukitoka.

Leo rudi naye nyumbani. Teopista akikuuliza ya kutwa, mweleze yaliyotokea, yote, hata senene, bila kuongeza hata moja. Halafu nyamaza, uone kama atagawanya.